Mita ya Mzee Zoeb Haikosei

Makadara, Jumatatu, 13 Januari 2025

Kwa Bi Everlyne Kanze,
Ganjoni, ghorofa ya tatu isiyo na lifti.

Sabalkheri. Nataraji hujambo, na zile ngazi zako pia hazijambo, kwani magoti yangu hayajazisahau. Miye mzima, na mke wangu Khairunnisa mzima, yuko juu agonga sakafu kwa mchi kama ada yake, maana yake chakula ki tayari, kwa hivyo naandika upesi.

Pawa saplai yako, ile mashine ya kuchajia betri, imepona. Ilikuja haiwaki kabisa, nawe ukaandika ati pengine ni ya kutupwa. Kutupwa! Ni fyuzi na relei moja, swichi ya ndani, iliyoungua mdomo. Nimeitoa, nimetia nyengine, nimelehemu kwa mkono huu huu, na risasi yangu ukiitazama yang'aa kama kipini cha bi harusi. Wale vijana wenye mashati ya kola wangekwambia nunua mpya.

Na kwa kuwa nimeifungua, nimeirekebisha vipimo vyake upya. Wewe wajua kuitumia tu, ngoja nikueleze. Mashine hizi za kubonyeza namba ukiziambia zitoe volti nne, zatoa nne, lakini kwanza lazima pawe na mtu wa kuziambia nne ni kitu gani. Kuna vidude viwili vya kubonyeza pamoja (sikwambii vipi, hiyo ni riziki yangu), hapo mashine yafungua ukurasa wake wa siri yauliza: sasa hivi natoa ngapi? Miye naitazama mita yangu, naijibu. Basi hushika neno langu hilo hilo mpaka siku nitakapoiambia jengine. Ni tiifu kuliko watoto wa watu.

Na mita yenyewe waijua sifa yake. Ya sanduku la mbao, mshale wake mwembamba kama unywele, na chini ya mshale pana kioo ili jicho lisidanganye. Nimeachiwa na aliyenifunza kazi, na alinisomesha zaidi ya ile skuli niliyoikimbia. Ina pahala pake pale pale mezani, haisogezwi, na sumaku haiikaribii, hata bisibisi yenye ncha ya sumaku huiacha mlangoni kama kiatu. Chaja na redio za mji huu wote zimeapishwa mbele ya mita hiyo.

Simu usinipigie. Kwenye simu watu husema ovyo, karatasi hutulia. Tia barua sandukuni pamoja na mashine, Muhdhar wa tuktuk ataleta.

Wako,
Zoeb Adamji, fundi, wala si fundi wa juzi

*

Ganjoni, Alhamisi, 16 Januari 2025

Shikamoo Mzee Zoeb,

Asante, mashine imewaka. Nilikupigia hata hivyo, nikakuuliza kama uliitazama feni ya ndani ya mashine. Ukanijibu, "Vizuri, alhamdulillahi, na nyinyi huko?" ukakata. Haya, naandika.

Nina mambo mawili. La kwanza ni hiyo feni. Inakwaruza vibaya, nashindwa hata kufikiri.

La pili ndilo zito. Kazi yangu unaijua: hivi vipimo vya mkononi ambavyo wakunga huviweka tumboni mwa mama kusikiliza moyo wa mtoto. Bi Mwanakuu, mkuu wa wakunga wa kliniki ya gari, ameniletea vyote walivyo navyo nivitie betri mpya. Gari lao linaondoka tarehe 10 Februari kwenda vijiji vya ndani, na wakifika huko bila vipimo hivi watabaki kutegemea sikio na bahati. Betri zake nazichaji kwa mashine hii uliyoitengeneza, na mwisho wake ni volti nne nukta mbili. Zikizidishiwa zinaharibika.

Jana nimekuta tatu zimevimba kama mahamri. Nikapima. Mashine inaandika 4.20 kwenye kioo chake, lakini inatoa 4.33. Kabla haijaja kwako haikuwa hivyo. Tafadhali irudie.

Everlyne Kanze

*

Makadara, Jumamosi, 18 Januari 2025

Bi Kanze,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaivua miwani nikaifuta, nikaisoma tena, kwani nilidhani pengine ni barua ya mtu mwengine kwa fundi mwengine.

Wasema umepima. Umepima kwa nini? Kwa kile kimita chako cha manjano kilichonunuliwa sokoni fungu moja na nyanya? Na hicho ndicho kimekuja kunihukumu miye! Miye nimezipima redio za meli, nimeipima mitambo ya sinema ilipokuwa sinema ni sinema, na siku ile jenereta ya hoteli ilipowashinda watu wa Nairobi niliitwa nani? Waulize. Walioko hai watakwambia.

Hata hivyo kwa kuwa nina moyo mkubwa nimeirudia. Nimefungua ukurasa wa siri, imeuliza, nimejibu. Mshale umesimama juu ya nne nukta mbili kama askari. Betri zako zimevimba kwa kuwa ni mbovu, wamekuuzia za kuokotwa.

Na feni nimeisikiliza, nimeweka sikio kabisa. Kimya, kama msikiti baada ya isha. Pengine kinachokwaruza ni kitu chengine humo ndani mwako.

Zoeb Adamji

*

Ganjoni, Jumatano, 22 Januari 2025

Mzee Zoeb,

Kinachokwaruza ni feni. Jirani wa chini amepanda ngazi zote hizo kuja kuniuliza kama siku hizi nakuna nazi za kuuza.

Na betri zimevimba tena. Safari hii nilinunua kwa mtu mwengine, za aina nyengine, nikaweka mbili tu za kujaribu. Zote mbili. Nimeazima mita kwa mwalimu wa chuo cha ufundi na nyengine kwa fundi wa simu wa Biashara Street. Pamoja na yangu ni tatu, hazijuani wala hazijawahi kukutana, na zote zinasema 4.33.

Usiniambie niibane mashine kwa kukisia, niiandikie namba ndogo. Kwenye volti za juu inakosea hivi, kwenye za chini inakosea vile. Na betri ya kukisia mimi siitii kwenye kitu kitakachowekwa juu ya tumbo la mja mzito.

Mzee wangu, nasema kwa heshima. Mita yako imezeeka. Inaumwa. Si aibu, ni chombo tu.

Everlyne Kanze

*

Makadara, Alhamisi, 23 Januari 2025

Bi Kanze,

Inaumwa!

Haya. Nakuletea mgonjwa. Haijatoka mezani pangu tangu nilipofungua duka hili, lakini leo imetoka. Nimeifunga kwa shali ya Khairunnisa, na Muhdhar nimemwambia aendeshe kama amembeba bi harusi mwenye mimba, asirukie tuta, asishindane na mtu, na akipigiwa honi avumilie matusi.

Ipime. Waite na hao wenye mita zao wote, mwalimu na fundi wa simu, na jirani wa nazi naye apande. Muiweke katikati kama kesi. Kisha uniandikie mulichoona, na uandike kwa herufi kubwa kwa kuwa nataka kuitundika ukutani.

Z. Adamji

*

Ganjoni, Jumatatu, 27 Januari 2025

Shikamoo Mzee Zoeb,

Nimeipima na mwalimu wa chuo, kwenye kila volti kuanzia moja hadi kumi.

MITA YAKO NI SAHIHI.

Haikosei hata kidogo. Mwalimu mwenyewe aliinama akaitazama kwenye kile kioo cha chini ya mshale, akasema hajapata kuona chombo cha zamani kilichotunzwa hivi. Naomba radhi kwa neno nililosema. Naomba pia unisaidie kufahamu, kwani sasa kichwa kinaniuma. Mita ni nzima. Mashine, mwalimu ameifungua na kuikagua, ni nzima. Basi kosa linaingilia wapi?

Nazirudisha zote mbili, irekebishe mara moja tena kwa utulivu. Bi Mwanakuu alipita leo akavihesabu vipimo vyake kwa macho.

Everlyne Kanze

*

Makadara, Jumanne, 28 Januari 2025

Kwa Bi Kanze, na kwa Mwalimu wa chuo, na kwa Fundi wa Simu, na kwa yeyote mwengine aliyekuwepo kesini,

Nimeitundika. Iko ukutani juu ya kalenda. Kila anayeingia namsomea. Muuza kahawa nimemsomea mara mbili, ya pili alikuwa keshaanza kuondoka nikamshika shati.

Radhi umepata. Miye si mtu wa kuweka kinyongo, ingawa mtu akiambiwa mita ya marehemu mwalimu wake inaumwa angeweza kuweka, na angekuwa na haki, na watu wangemuunga mkono. Lakini miye siweki. Nimesahau kabisa. Inaumwa! Lakini nimesahau.

Mashine nimeirekebisha tena, mita ikiwa pahala pake mezani. Mshale, nne nukta mbili. Sasa ikikosea tena, basi umeme wa Ganjoni ndio wenye pepo, mtafute mganga.

Zoeb Adamji, ambaye mita yake ni SAHIHI

*

Ganjoni, Jumatatu, 3 Februari 2025

Mzee Zoeb,

4.33. Betri moja ya kujaribu, imevimba.

Juzi Jumamosi nilifunga kazi nikaja mwenyewe kwa miguu mpaka Makadara, nilisema labda tukikaa pamoja tutaliona. Nilisimama mlangoni mwako. Ulikuwa umenipa mgongo, umeinamia kazi. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikaita, "Mzee Zoeb!" mpaka mwenye duka la pili akatoa kichwa. Hukugeuka. Redio yako ilikuwa inanguruma mpaka misumari inacheza mezani, na lile pazia ulilolifunga chini ya meza linavuta pumzi kama kifua cha mtu. Mkeo alifungua dirisha la juu akanipungia mkono na ule mchi, akasema, "Mwache, bibi, atakufa nalo spika lake la sinema! Nagonga hivi mpaka sakafu itatoboka!" Hata hapo hukugeuka.

Nimefahamu. Kama hukutaka kuniona, karatasi zilitosha kuniambia.

Nimebaki na wiki moja. Wale mafundi wa Nairobi wenye vyeti nimewauliza, wataipokea mashine lakini hawawezi kuirudisha kabla ya tarehe 10. Nikiwapelekea, wakunga wanaondoka mikono mitupu. Nisipowapelekea, wanaondoka na betri zitakazowapasukia mikononi. Chagua wewe, kwani mimi nimeishiwa.

Everlyne Kanze

*

Makadara, Jumanne, 4 Februari 2025

Bi Kanze,

Hakuna mtu aliyekuja dukani kwangu Jumamosi. Angekuja ningemuona. Miye si mtu wa kumpa mgeni mgongo, na mwanamke tena, na aliyetoka Ganjoni kwa miguu kwenye jua lile. Muulize yeyote wa mtaa huu kama amewahi kuingia hapa asikaribishwe kahawa. Hilo la mgongo limeniuma kuliko la mita.

Na kama alikuja mtu, basi alipiga hodi ya kunong'ona. Watu wa siku hizi wote wanong'ona. Wanasimama mbele yako midomo yachezacheza kama samaki, kisha wakasirika ati hukuwajibu. Redio yangu ni ya chini, ya kusikiliza habari tu na kisomo. Spika si kitu, ni la zamani, lilitupwa nikaliokota mwezi wa kumi na moja, sauti yake ni ya heshima. Nalisikia kwa miguu.

Khairunnisa hugonga kwa sababu ya chakula.

Mashine wapelekee wa Nairobi. Wapelekee na barua yangu ya ukutani wakitaka.

Z. A.

*

Ganjoni, Alhamisi, 6 Februari 2025

Shikamoo Mzee wangu,

Mashine sijaipeleka Nairobi. Iko ndani ya sanduku hili.

Nimekaa na barua zako zote mezani tangu asubuhi. Kwanza nataka kuondoa jambo moja. Jumamosi nilikosea mimi. Nilisimama nyuma yako nikaita, badala ya kuingia mpaka mbele yako ukaniona. Mgeni aliyelelewa haingii hivyo. Naomba lifutike.

La pili. Mita ikiwa kwangu ni sahihi. Mashine ikiwa kwangu inakubali kila inaloambiwa. Zikikutana mezani pako, zinakosea, na zinakosea kosa lile lile kila mara. Basi si mita, na si mashine, na wallahi si mkono wako. Ni pahala.

Ni wewe uliyeniandikia kwamba sumaku haiikaribii mita yako, hata bisibisi waiacha mlangoni. Sasa fikiri, spika la sinema lina nini mgongoni mwake? Lile ulilolifunika pazia, chini ya meza, chini ya pahala pake pale pale pasiposogezwa? Ubao wa meza hauzuii sumaku. Inauvuta mshale chini, mshale unasoma pungufu, nawe unaiambia mashine kwa uaminifu kile ulichokiona, nayo tiifu inaongeza ili ifike.

Sisemi lolote juu ya kwa nini spika liko pale. Halinihusu, na kila mtu ana namna yake ya kukaa na redio. Naomba jambo moja tu. Washa mashine, weka jicho kwenye mshale, kisha livute spika mpaka mlangoni. Ukiona mshale haukucheza, nitapanda juu ya meza yangu niseme mbele ya jirani wa nazi kwamba Ganjoni tuna pepo.

Wakunga wanaondoka Jumatatu alfajiri. Nikiipata mashine Jumamosi jioni, nitachaji Jumapili kutwa.

Binti yako,
Kanze

*

Makadara, Jumamosi, 8 Februari 2025

Bi Kanze,

Nimelivuta. Peke yangu, na mgongo huu. Khairunnisa alishuka akasimama mlangoni na mchi wake asigonge kitu, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Niliweka jicho kwenye mshale, nikalisukuma spika kwa mguu. Mshale ukapanda. Nikalirudisha, ukashuka. Nikalisukuma tena. Nilifanya hivyo mpaka Khairunnisa akasema neno, sijui alisema nini, alikuwa ameangalia upande wa njia.

Sasa soma vizuri. Mita yangu haina kosa. Haikuwa na kosa na haitakuwa na kosa, barua yako bado iko ukutani na haitoki. Meza ndiyo iliyokuwa na kosa.

Nilitaka kulihamishia spika upande wa pili wa duka, lakini duka lenyewe upande wa pili ndio hapo hapo, ukinyoosha mkono wafika. Kwa hivyo nimempa Muhdhar alichukue, watoto wake watachezea ngoma. Habari nitasoma gazetini. Khairunnisa amefurahi, amepika biriani siku isiyo ya biriani. Duka limetulia mno. Sikujua lilikuwa na utulivu kiasi hiki.

Wote walioniletea vyombo tangu mwezi wa kumi na moja nimewatumia habari wavirudishe niviangalie tena bure. Nimewaambia ni zawadi ya Ramadhani kwa kuwa yaja. Wanasema hawajapata kuona fundi karimu hivi, nami sikubisha.

Mashine yako nimeirekebisha mara mbili, na nikapeleka mita chumbani juu nikapima tena huko, ili meza yoyote isiwe na la kusema. Nne nukta mbili. Chaji betri za wakunga usiwe na wasiwasi, na Bi Mwanakuu mwambie zimepita mikononi mwa nani.

Na vile vidude viwili vya ukurasa wa siri: ni kile cha mwisho kushoto na kile chenye mshale wa chini, uvishike pamoja ndipo uwashe. Nimekupa. Usimpe fundi wa simu.

Ukija tena usipige hodi. Ingia moja kwa moja mpaka mbele yangu ugonge meza kwa mkono, nitajua ni wewe. Kahawa ipo.

Feni nimeibadilisha, nimetia mpya. Ile ya zamani niliiwasha nikaishika na kidole, nikaishika na meno, nikaiwekea sikio hili na lile. Miye sikusikia kitu. Nimeibadilisha kwa kuwa wewe wasema yakwaruza.

Zoeb Adamji, fundi